Mzee hasikii vizuri na kaacha kutembea: mwongozo kamili wa kumrudisha kwenye mazoezi

Baba yangu alikuwa mtu wa kutembea kila asubuhi, hata kukiwa na baridi anavaa kofia yake anatoka, alafu mwaka mmoja akaanza kupunguza, mara leo nimechoka, mara magoti, mwisho akawa mtu wa kukaa tu kwenye kiti cha dirishani. Sisi watoto tukalidaka hilo la magoti, tukanunua dawa ya kuchua, tukamtafutia na fimbo. Miezi ikapita. Siku moja ndo akamwambia mama kwamba kuna baiskeli ilimpita kwa nyuma nusura imkwangue, mwenye baiskeli akamfokea kwamba kapiga kengele, na yeye hakusikia kengele yoyote, tangu siku hiyo barabara anaiogopa. Na wenzake wa kutembea nao wakisema kitu lazima warudie mara tatu, mpaka mmoja akamwambia "basi achana nayo". Nadhani hiyo "achana nayo" ilimuuma kuliko baiskeli.

Magoti ni jibu rahisi, manake goti likiuma hamna anayekucheka.

Sa huu mwongozo ni wa mtu mwenye mzazi wa namna hiyo, au we mwenyewe una miaka sitini na kitu na umeanza kujishtukia unakwepa kutoka. Utaratibu wangu ni sikio kwanza, mazoezi baadaye. Nimeona familia nyingi zinaanza na mazoezi, mzee anaenda wiki mbili anaacha, wanamwita mvivu, kumbe hakuwa anasikia hata kocha anasema nini.

Kwanza, sikio na miguu vinahusianaje

Ndani kabisa ya sikio kuna kidude kilichojikunja kama gamba la konokono, hicho ndo kinasikia. Ubavuni mwake kuna vijifereji vitatu vya nusu duara na vifuko viwili vidogo, vyenyewe vinapima kichwa kimeinama upande gani na kinageuka kwa kasi gani, yaani ndo vinakushikilia usianguke. Ni majirani wa ukuta mmoja, damu yao inatoka mshipa mmoja, na habari zao zinakwenda kwenye ubongo kwa mshipa mmoja wa fahamu. Kwa hiyo uzee au dawa kali ikigusa chumba kimoja, mara nyingi na cha pili kinapata.

Alafu kuna ubongo wenyewe. Mtu asiyesikia vizuri siku nzima anafanya kazi ya kuunganisha maneno nusunusu, na hiyo akili anayoitumia kubahatisha maneno ndo ileile inayotakiwa kuangalia mguu unakanyaga wapi. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha kitu kidogo sana ila kizuri: walitembea na wazee 58 huku wanawaongelesha. Wazee 12 walikuwa wakiongeleshwa wanasimama kabisa ndo wajibu, na ndani ya miezi 6, 10 kati ya hao 12 walianguka. Mwangalie mzee wako leo jioni mkiwa mnatembea, umuulize swali, uone kama anasimama.

Marekani nako mwaka 2012 ilichapishwa hesabu ya watu wa miaka 40 mpaka 69, ikaonekana wenye upungufu mdogo tu wa kusikia, kama desibeli 25 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), walikuwa karibu mara tatu zaidi kusema wameanguka mwaka uliopita ukilinganisha na wanaosikia sawasawa. Haimaanishi sikio ndo limemwangusha kila mmoja, lakini nisingesubiri mzee aanguke ndo nianze kuuliza. Na ukishaogopa kuanguka unakaa, ukikaa misuli inalegea, ikilegea unaanguka kweli.

Hatua ya 1: Jua sikio lina nini

Masikio ya uzee kwa kawaida yanaanza kupoteza sauti nyembamba, ndo maana mzee anakwambia "nakusikia ila sikuelewi", na anakuwa mkweli. Irabu anazipata, konsonanti zinamponyoka. Chukua maneno kaa, saa, taa, paa. Tofauti yote iko kwenye herufi moja ya mwanzo, na hizo s, t, k, p ndo zinazopotea kwanza, kwa hiyo ukimwambia "washa taa" kwa nyuma yake huku tivii inaongea, yeye anapata "aa" tu. Dalili nyingine ni tivii kupandishwa sauti, kushindwa kuwaelewa watoto na wanawake zaidi ya wanaume, na kuchoka vibaya baada ya mkusanyiko wa watu.

Usianze na kununua mashine ya kusikia, anza na mtu wa kuangalia ndani ya sikio. Wakati mwingine ni nta tu imejaa na kuziba, ikitolewa mzee anasikia palepale. Ila msiitoe wenyewe kwa pamba za vijiti wala kibiriti wala pini, mnaisukuma ndani zaidi na ngozi ya sikio la mzee inachubuka kirahisi. Matone ya mafuta ya zeituni kwa siku chache yanailainisha, lakini kama sikio linatoa usaha au ngoma yake iliwahi kutoboka, usidondoshe kitu chochote mpaka daktari aangalie.

Baada ya hapo ndo kipimo cha usikivu, kile cha kuvaa spika za masikioni na kubonyeza ukisikia mlio. Shirika la Afya Duniani linahesabu kusikia ni kwa kawaida kama unapata mlio wa desibeli 20 au chini ya hapo. Kuanzia 20 mpaka karibu 35 ni upungufu mdogo, 35 mpaka karibu 50 ni wa kati, na kadhalika kupanda juu. Omba nakala ya grafu, na uliza sikio lipi ni zima zaidi. Hilo swali utalishukuru tukifika kwenye barabara.

Peleka pia dawa zote anazokunywa. Gentamicin, cisplatin, furosemide, kwinini, hata aspirini kwa dozi kubwa, zinaweza kugusa masikio, na dawa nyingi za presha zinampa mtu kizunguzungu akisimama ghafla. Usimwachishe dawa kwa akili yako, we peleka orodha tu.

Na hili lisisubiri kesho: sikio likizima ghafla, ndani ya masaa au siku mbili tatu, hasa upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo. Watu wanafikiri ni mafua yatapita, kumbe kuna tiba ambayo inafanya kazi vizuri ikiwahiwa. Kama pamoja na sikio uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, hiyo ni dharura ya kiharusi na hamna cha kusubiri.

Hatua ya 2: Mashine ya kusikia, na jasho lake

Kama ameandikiwa mashine, msitegemee avae asubuhi na jioni atoke kukimbia. Ubongo umekaa miaka kwenye ukimya, sasa ghafla anasikia karatasi zinakwaruza na sahani zinagongana, na sauti yake mwenyewe inamrudia kama yuko ndani ya pipa. Wengi wanazitupa droo wiki ya kwanza. Aanze nyumbani masaa machache kwenye utulivu, aongeze kidogo kidogo, alafu uani, alafu ndo barabarani. Baba alikaa kama mwezi mpaka akaacha kulalamika. Cha ajabu kitu cha kwanza alichokifurahia ni kusikia nyayo zake mwenyewe, akaniambia "kumbe mguu wa kushoto naburuza". Na kweli alikuwa anaburuza, sisi wote tuna macho na hatukuona.

Inapofika mazoezi watu wanavua mashine wakiogopa jasho, yaani wanaivua pale wanapoihitaji zaidi. Iache sikioni, fanya hivi badala yake. Funga uzi au klipu maalum inayoishikiza kwenye kola ili ikichomoka isidondoke chini. Vaa kitambaa cha kuzuia jasho kichwani, na uangalie miwani na kofia visigombanie nafasi na mashine nyuma ya sikio. Ukimaliza unaifuta kwa kitambaa kikavu, usiku unafungua kile kimlango cha betri na kuiweka kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Usiianike juani wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele. Kama ni ya kuchaji, inarudi kwenye chaja kila usiku, basi.

Betri ndogo zile za duara zinafanya kazi kwa hewa. Ukibandua kale kastika subiri dakika moja mbili kabla ya kuifunga ndani ili ipate hewa, wengi wanaifunga haraka alafu wanasema betri mbovu. Na usitoke bila betri ya akiba mfukoni, mbali na funguo na sarafu.

Mashine ikipiga filimbi wakati wa zoezi la kulala ubavu, haijaharibika, ni mto umeikandamiza na sauti inajirudia. Ikipiga filimbi mtu akiwa amesimama, labda haijakaa vizuri au nta imeziba. Kuogelea ndo pekee ambako lazima uivue, na hapo mkubaliane ishara za mikono na mtu aliye pembeni kabla hujaingia kwenye maji.

Wasio na mashine, au ambao bado wanasubiri, msikae kusubiri. Yote yanayofuata yanafanyika.

Hatua ya 3: Pima alipo

Hii inachukua dakika kumi. Unahitaji kiti imara kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani, na simu yenye saa ya sekunde. Kaa karibu umdake.

Cha kwanza, akae, mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanaume wa miaka 70 mpaka 74 akifikisha chini ya 12, au mwanamke wa umri huo chini ya 10, miguu iko chini ya wastani. Cha pili, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, kama yuko kwenye mstari, akishindwa kukaa hivyo sekunde 10 bila kushika kitu basi balansi ni ya kufanyia kazi. Cha tatu, anyanyuke kwenye kiti, atembee mita 3 mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Ikifika sekunde 12 au zaidi, anza taratibu na ikiwezekana apate mtaalamu wa mazoezi ya tiba.

Angalizo moja ambalo karibu kila mtu analisahau: mwonyeshe kwanza kwa vitendo, mara mbili, na ishara ya kuanza iwe mkono kushuka, usiseme "anza" ukiwa umeinamia simu. Vinginevyo unapima usikivu wake huku unadhani unapima miguu. Andika namba na tarehe, rudia baada ya wiki 6 hivi.

Hatua ya 4: Mazoezi ya ndani

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa wenye miaka 65 na kuendelea ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, mazoezi ya misuli angalau siku 2, na mazoezi ya balansi pamoja na nguvu siku 3 au zaidi. Mtu aliyekaa mwaka mzima ukimsomea hizo namba anakata tamaa palepale. Mwambie dakika 5 baada ya chai na 5 jioni. Na wao wenyewe wanasema kidogo ni bora kuliko sifuri.

Ya nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti mara 8 mpaka 10, apumzike, arudie. Kunyanyua visigino ameshika meza nzito. Kunyoosha mguu pembeni. Huko New Zealand Chuo Kikuu cha Otago walitengeneza programu ya namna hii ya kufanyia nyumbani, nguvu za miguu na balansi mara 3 kwa wiki pamoja na kutembea, na ilipunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Hamna mashine za mazoezi pale, ni meza, kiti na vizito vidogo vya kufunga kwenye kifundo cha mguu.

Ya balansi: kusimama mguu mbele ya mguu, kutembea pembenipembeni, kutembea kwa kuchora namba nane, yote karibu na kitu cha kushika. Tai chi nayo ni nzuri sana kwa watu wa masikio, manake ni taratibu, inafuatwa kwa macho, na inaweza kufundishwa bila muziki wowote.

Alafu kuna la kichwa na macho, hili ndo la kile chumba cha pili cha sikio, cha balansi. Bandika herufi moja kubwa ukutani usawa wa macho, mzee akiwa amekaa aitazame bila kuiacha huku anageuza kichwa kushoto na kulia kwa sekunde 30, kwa kasi ambayo herufi haichezi. Kizunguzungu kidogo kinachotulia baada ya dakika chache ni kawaida, kama kinakaa muda mrefu au anataka kutapika, acha. Na mtu anayeona nyumba inamzunguka akijigeuza tu kitandani asifanye hili kwanza, aonwe, manake hilo mara nyingi ni tatizo linalotibika kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalum na mtu anayejua.

Jinsi ya kumfundisha sasa. Kaa mbele yake, mwanga uwe usoni kwako na si nyuma yako, ukikaa na dirisha mgongoni anaona kivuli tu na midomo haioni. Zima redio. Mguse bega au taja jina lake kwanza ndo uongee. Usipige kelele, ukipiga kelele mdomo unapinda na sauti inapasuka kwenye mashine, ongea tu taratibu kidogo. Akikosa mara moja badilisha maneno, yaani kama "nyanyua kisigino" haikuingia sema "simama kwa vidole". Na hesabu kwa vidole vya mkono, asihesabu kwa sauti yako.

Lile neno la makocha kwamba mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea ila huwezi kuimba, kwa mtu huyu halitumiki vizuri kwa sababu kuongea kwenyewe kunamchosha. Mfundishe namba: 0 ni kukaa, 10 ni mwisho wa nguvu zake, abaki kwenye 5 au 6, akuonyeshe kwa vidole.

Hatua ya 5: Barabarani

Hapa ndo wengi wanapoishia kwa hiyo usiharakishe. Chagua njia kabla, uitembee mwenyewe masikio umeziba na pamba. Mi nilifanya, na nilishangaa ni mara ngapi nilitaka kugeuka nyuma. Utaona mwenyewe kona zipi mbaya.

Kama hakuna njia ya waenda kwa miguu, mtembee mkielekea magari yanakotoka ili macho yafanye kazi ya masikio. Nguo ya rangi inayoonekana. Mchana, manake balansi inategemea macho, sikio na nyayo, na kwa mtu ambaye sikio limeshapunguza, giza linamwachia nyayo tu. Kabla ya kuvuka anasimama, anageuza kichwa chote pande zote mbili, hata kama hajasikia kitu, na hasa kama hajasikia kitu, magari ya umeme na baiskeli haviungurumi. Mwenye sikio moja zima anaweza kusikia honi vizuri tu ila asijue inatoka upande gani, akarukia kulekule kwenye hatari. Zoezi lake ni moja: ukisikia honi simama kwanza, tafuta kwa macho, ndo usogee.

Mwenzake atembee upande wa sikio zima. Ikigongana na upande salama wa barabara, usalama unashinda, mtaongea mkifika. Mi na baba tumekubaliana kugusana: kumgusa kiwiko mara moja ni "kuna kitu kinapita", mara mbili ni "simama". Na hatuongei tukiwa tunatembea kwenye mawe au ngazi. Tukitaka kupiga stori tunasimama, tunaangaliana, tunamaliza, tunaendelea. Mwanzoni inaonekana kama mnapoteza muda lakini mzee asiyebahatisha maneno anatembea mbali zaidi.

Upepo unazifanya mashine zivume vibaya, kofia nyepesi au kupunguza sauti kunasaidia, zingine zina mpangilio wa upepo, muulize aliyezipima. Anayependa baiskeli afunge kioo cha kutazamia nyuma. Ile ya kukaa nayo ndani nayo ni baiskeli, hamna aibu.

Hatua ya 6: Kikundi au jimu

Wahi dakika tano kabla. Mwambie kocha kitu kinachofanyika, "mzee hasikii" haimsaidii kitu. Mwambie: atasimama mstari wa mbele upande huu, ukibadilisha zoezi mpungie mkono, usitoe maelekezo ukiwa umetupa mgongo. Kocha mwenye akili ataanza kuwafanyia hivyo wote manake hata wengine walikuwa hawasikii, walikuwa wanaigizana tu. Mzee mwenyewe akizoea kusema "sikusikia, nionyeshe" badala ya kutikisa kichwa na kucheka, nusu ya kazi imeisha.

Muziki ni ugomvi wangu na majimu mengi. Ukilazimika kupaza sauti ili uongee na mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako, hapo kelele zimezidi, omba wapunguze au msogee mbali na spika. Kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda muda unapungua haraka. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyonasa sauti vikifa havioti tena.

Maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuona giza, moyo kwenda ovyo: anaacha na kutafuta msaada. Kwa sababu hatasikia ukimwita toka upande wa pili wa ukumbi, awepo mtu anayemwona muda wote.

Baba juzi kanizidi mwendo, nikamwita "baba, nisubiri", hakugeuka. Nikajua betri imekufa. Nikamkimbilia nikamgusa kiwiko mara mbili, akasimama, akatoa betri ya akiba mfukoni, akabandua stika, akakaa anaishika kwenye kiganja anaangalia saa dakika moja ipite.